Shangazi Hakusema "Alikuja"

Dakika ya nne, sekunde ya kumi na saba. Nimeirudia mara kumi kama si kumi na tano, na kila nikiirudia shangazi anasema lilelile: "Karani kaja, kakaa, kamuuliza baba jina."

Sauti inasikika vizuri kabisa. Nyuma yake jogoo anawika, na mbali kidogo bodaboda inapita barabara ya Pangani.

Kwenye karatasi iliyo mbele yangu, niliyoichapa mwenyewe, pameandikwa: "Karani alikuja, akakaa, akamuuliza baba jina."

Hakusema hivyo.

Hakuna aliyenituma nibadilishe. Nilikuwa peke yangu chumbani Makorora, Tanga mjini, hedifoni masikioni, feni inalia. Nasikiliza kipande, nasimamisha, nachapa, naendelea. Ungeniuliza siku ile ningeapa kwamba naandika ninachosikia. Kumbe sikio linapokea "kaja", kidole kinatoa "alikuja", na katikati hapo kuna mtu amekaa anasahihisha bila kuniomba ruhusa. Kurasa ishirini na mbili nzima. Kaja, kafika, kasema, kaolewa, kafa: kwenye sauti zimejaa kama dagaa kwenye ungo. Kwenye karatasi hakuna hata moja.

Hii ni wiki ya tano jambo hili halijaniacha nilale.

Mzee wa taarifa ya habari

Nasoma isimujamii, yaani jinsi watu wanavyotumia lugha katika jamii. Nyumbani nikiulizwa husema nasoma Kiswahili tu, maana neno lenyewe ukilitaja msibani watu wanakutazama kama uliyetaja ugonjwa. Mada yangu ni jinsi wazee wa Tongoni, kijiji cha pwani kusini mwa Tanga, wanavyobadili usemi kulingana na anayezungumza nao. Shangazi, dada yake baba, alikuwa wa kwanza kurekodiwa, kwa simu yangu, kwa sababu ndiye asiyeweza kunikatalia. Ana miaka sabini na nne, alisoma mpaka darasa la nne, na ukimkuta asubuhi utamkuta kibarazani na jungu lake la chai, anajua nani kapita na nani hajapita.

Niliwasilisha zile kurasa kwa msimamizi wangu nikiwa na furaha. Akazisoma mbele yangu, kalamu mkononi, haandiki kitu. Mwisho akauliza:

"Huyu mzee wako alikuwa mtangazaji?"

"Hapana. Mkulima. Na alikuwa anauza samaki."

"Anaongea kama taarifa ya habari ya saa mbili."

Akanirudishia karatasi. Hakuongeza neno, nami nikatoka nikijifanya sijaelewa.

Kwenye basi nikapata wa kumlaumu: simu. Ni simu iliyomharibu shangazi. Fani yetu ina maelezo tayari kwa msiba wa namna hii, na nilikuwa nimeyakariri.

Kuna Mmarekani anaitwa William Labov. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingia maduka matatu makubwa ya New York: moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la wanaobana matumizi. Akawa anawauliza wauzaji bidhaa fulani iko wapi, naye anajua kabisa iko ghorofa ya nne. Kwa Kiingereza ni maneno mawili, "fourth floor", yenye r mbili, na ndizo alizozifuata. Akishajibiwa anajifanya hakusikia, muuzaji anarudia kwa makini zaidi. Kisha anaondoka, na akishafika pasipoonekana anatoa daftari: r imetamkwa, r haikutamkwa. Wauzaji 264 kwa mtindo huo. Duka lilivyokuwa la hadhi zaidi ndivyo r ilivyosikika zaidi, ingawa wote hao ni wauzaji tu, si matajiri wenyewe.

Nampenda Labov kwa ajili ya lile daftari lililofichwa. Ndiye pia aliyeitaja kwa uwazi ile shida inayomtesa kila mwanafunzi wa fani hii: tunataka kujua watu wanavyosema pasipo mtu wa kuwachunguza, na hatuna njia ya kujua ila kuwachunguza.

Basi nikajiambia ndiyo hiyo. Shangazi kaona simu, kakaa sawa, kavaa Kiswahili cha Idi. Nilifika chumbani nikafungua sauti ili nipate ushahidi wa kumpelekea msimamizi.

Ndipo nikakutana na dakika ya nne, sekunde ya kumi na saba. Shangazi hakuvaa chochote. Nguo nilimvalisha mimi.

Dakika ya thelathini na moja

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Dakika ya thelathini na moja jirani anaingia uani. Shangazi anamwita toka mbali, "Wambaje!", na mwenzake anajibu "Kwema, wewe wambaje?", kisha wanakwenda kwa dakika sita bila kupumua. Bei ya changu. Mtoto wa fulani kakimbia shule. Nani yuwaja Ijumaa na nani haji. Maneno yanapandiana, mmoja anaimaliza sentensi ya mwenziwe, kicheko kinaanza kabla jambo lenyewe halijaisha.

Ni dakika sita ambazo Labov angezilipia nauli.

Mimi kwenye karatasi niliandika: (Mazungumzo na jirani, hayahusiani na utafiti.)

Ka- moja tu

Kwa wasiotoka huku nieleze kidogo. Shuleni tunafundishwa ka- ya mfuatano: nikaenda, ukaenda, akaenda. Inabebwa na nafsi, inakuja baada ya tendo jingine kutajwa. Kwenye "kaja" ya shangazi hakuna a- wala hakuna -me-. Silabi moja inakwambia ni yeye na kwamba jambo limeshatokea. Mtu anaweza kufungua mazungumzo nayo, bila tendo la kutangulia: "Mjomba'ko kaja."

Darasa la tano, Dar es Salaam, niliandika kwenye insha, "Babu kafika jioni." Mwalimu akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika: Andika Kiswahili.

Sikumbuki kama niliumia. Nakumbuka nilijiuliza nilikuwa nimeandika nini basi, na swali hilo likapotea kama maswali ya watoto yanavyopotea. Sikuandika tena "kafika" mpaka mwaka huu.

Sasa sikia kichekesho chake. Sote tunajua Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliokata shauri, na 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukinyoosha. Lakini nenda Unguja leo, kaa barazani dakika tano. Utasikia kaja, kenda, kafanya, kama Tongoni vilevile. Kwa hiyo waliochaguliwa nao hawakuchukuliwa wazima. Mtu alikaa mezani akachagua kipi kiingie darasani na kipi kibaki barazani, na "kaja" ikaambiwa ingoje nje.

Sisemi walikosea. Nimekwenda Songea, nimekwenda Mwanza, nimeeleweka, na nyuma ya kueleweka kule kuna kazi ya watu wa meza ile. Wala Tanga haikuwa mtazamaji. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa mji huuhuu kuanzia 1904, enzi za Wajerumani, wakati miji mingi ya bara haijaona karatasi ya Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini mwa mji, mwaka 1909, na baadaye akawa mjumbe wa kamati hiyohiyo. Naye akaandika Kiswahili cha kila mtu. Huwa napenda kuwaza alivyokuwa akirudi kwao jioni, koti begani, anamwambia mama yake fulani kaja.

Wapo pia waliokwenda na daftari kuandika kinachosemwa kweli. W. H. Whiteley, Mwingereza, alichapisha maelezo ya Kimtang'ata mwaka 1956. Kimtang'ata ni lahaja ya huku kwetu. Mtang'ata ni jina la kale la upande huu wa Tongoni, penye yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Nilipoona jina la kijiji cha shangazi kwenye kazi ya mgeni wa 1956, nikakumbuka kazi yangu ya mwaka huu, mimi ninayemwita mwenyeji wa kijiji hicho shangazi tangu nijue kusema.

Nikaandika upya

Nikafuta zote. Siku nne nikaandika tena, safari hii herufi kwa herufi. "N'shakwambia" nikaiacha na ung'ong'o wake. "Yuwaja" nikaiacha. Dakika zile sita za jirani nikaziandika zote, na zilinichukua usiku mzima. Nilijisikia kama mtu anayerudisha mali ya yatima.

Jumamosi nikapanda daladala kwenda Tongoni na bahasha.

Nilimkuta anapara samaki. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, baba. Kaa hapo, utanuka." Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Nikamwambia nimeleta maneno yake nimsomee. Akacheka, akasema soma.

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Kisu kikasimama.

"Huyo nani?"

"Wewe, shangazi. Ni maneno yako yaleyale, sikubadilisha hata moja."

"Mie nasema hivyo?"

Nikamwekea sauti. Akajisikiliza, uso umekunjamana kama anayeonja mchuzi wa mtu. Ikafika "karani kaja". Akaniashiria nizime.

"Sawa, nimesema. Kusema ni kusema. Lakini wewe ukaandika? Hivyo ndivyo watakavyonisoma huko chuoni? Watasema mwanamke huyu hakupita hata mlango wa shule. Mie nilisoma, baba. Mwandiko wangu ulikuwa ukionyeshwa darasani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la darasani: kwamba lahaja si Kiswahili kilichoharibika, kwamba kila usemi una sarufi yake, kwamba sanifu nayo ni lahaja iliyobahatika. Nikaanza kumpa. Nilipofika katikati nikajisikia: naongea kama yule mwalimu wa darasa la tano, ila mstari mwekundu nimeupiga upande wa pili.

Yeye akaendelea kupara.

Korona

Huwa najidanganya kwamba kuna shangazi halisi chini ya yote haya, Mmtang'ata mtupu, na kazi yangu ni kufukua mpaka nimfikie. Hayupo.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa Mngoni aliyekuja na mkonge. Wasomaji wa huku mnajua hadithi hiyo: mashamba yaliyoanza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa yakameza watu wa kila upande, manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kambini kila mtu na lugha yake na Kiswahili kikiwa daraja. Shangazi aliishi kambini miaka kumi na moja. Ana maneno ya huko mpaka leo. Siku ikipita bila kazi atasema "leo sikupata kipande", ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Nywele zikimgoma ni "singa", nyuzi za mkonge.

Na korona. Kwenye mashamba ya mkonge korona ni mashine ya kusindika majani, na kwa mazoea jengo zima linalokaa mashine hiyo. Mwaka 2020 redio ilipotangaza korona imeingia nchini, shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa utulivu, "Imeingia tena? Si waliifunga?" Tulicheka mpaka majirani wakaja. Lakini kwa siku kadhaa alikuwa anahesabu: mume wake alifanya kazi korona, na mapafu ndiyo yaliyomuua. Kwake maneno hayo mawili hayakuwa mbali hivyo.

Nitaliandika wapi neno hilo? Kimtang'ata halimo. Kwenye sanifu lina ugonjwa. Ni la watu waliokaa mahali fulani, miaka fulani, wakivuta vumbi moja.

Na majirani zake wa kushoto ni Wasegeju. Wasegeju wana lugha ambayo wengi wao hawaisemi tena; wamehamia Kidigo na Kiswahili. Mzee wa nyumba hiyo nilipomuuliza kama anakisikitikia Kisegeju alinitazama kwa huruma. "Unanisikitikia wewe," alisema. "Mimi watoto wangu wanaelewana na wake zao."

Nilikuwa nimekwenda na dodoso. Kisanduku cha jibu hilo hakikuwemo.

Hapa hivi, pale vile

Samaki walipokuwa tayari jikoni, shangazi akanawa, akakausha mikono kwenye kanga, akasema niisome tena ile ya karani. Taratibu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Yeye msichana, karani kaja kuandika watu; kwa ajili ya nini, hakumbuki. Karani anauliza jina, anauliza kabila. Babu anasema Mtang'ata. Karani anasema hilo ni mahali, si kabila. Babu anasema basi andika ujualo. Karani anaandika, hasemi ameandika nini, anaondoka.

"Rudi pale karani anapouliza," akasema shangazi.

Nikasoma: "Karani kasema, hilo si kabila, hilo mahali."

"Aa. Karani hakusema hivyo. Karani alikuwa mtu wa bara, kavaa viatu. Andika: 'Hilo si kabila, mzee. Hilo ni jina la mahali.'"

Nikaandika.

"Sasa baba."

"'Andika ujualo.'"

"Hapo usiguse." Akasogea karibu kuitazama karatasi, ingawa miwani ilikuwa ndani. "Hata herufi. Alisema hivyohivyo, na hakunyanyua sauti. Aliendelea kusuka lile tenga."

Tukaenda hivyo kisa kizima. Karani akapewa Kiswahili cha karani. Babu akaachiwa chake. Mama yake, aliyesema sentensi moja tu toka dirishani, akaongezewa neno ambalo kwenye rekodi halimo, kwa sababu siku ile ya kurekodi shangazi alilisahau na sasa amelikumbuka. Nikamwambia kitaaluma siwezi kuongeza. Akaniuliza kama nilikuwepo dirishani.

Nikaongeza. Nimeweka alama pembeni, msimamizi ataamua.

Nilikuwa naandika haraka na moyo unadunda, kwa sababu nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha juu ya mtu kubadili msimbo kulingana na mhusika na mahali, na sasa mwanamke anayenuka magamba ya changu alikuwa ananionyesha jambo lilelile kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kulipa jina. Kitu nilichokwenda kukitafiti kwake alikuwa nacho siku zote. Hakukitoa kwa sababu sikukiuliza.

Likabaki moja.

"Na pale unaposimulia wewe mwenyewe, shangazi? Si karani, si babu. Wewe. Niandike kaja, au alikuja?"

Akanyamaza. Akaenda jikoni, akageuza samaki, akarudi.

"Siku hiyo nilikuwa nazungumza na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe ulikuwa waniuliza kwa Kiswahili gani?"

Nikapekua karatasi. Maswali yangu sikuyaandika. Kwenye toleo la kwanza na la pili, kila ninapoingia mimi pameandikwa "Swali", nukta mbili, kisha neno moja la kumbukumbu: Swali: utoto. Swali: karani. Swali: ndoa. Nilikuwa nimemwandika mara mbili, mimi mwenyewe hata mara moja.

"Kaandike yako kwanza," akasema. "Uje unisomee, ndipo nitakwambia yangu."

Nimerudi Makorora. Hedifoni masikioni, feni inalia. Nimerudisha sauti mpaka mwanzo kabisa, kabla ya jogoo, kabla ya bodaboda. Sekunde ya tisa kuna kijana anakohoa, anasafisha koo, anaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia katika nyumba ile:

"Kwa hiyo, shangazi, unaweza kutuelezea kwa ufupi historia ya maisha yako?"